Pongezi kwa Wapima Mito
Mto Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, kabla ya kushuka kuitesa Jangwani, Dar es Salaam, kwa mafuriko. Ruvu nao hupita Mlandizi, Kibaha, ukielekea Bagamoyo. Mito yote miwili ina watu wasiotajwa redioni: wasoma vipimo na wataalamu wa Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu.

Kina cha maji husomwa kwenye ubao uliosimikwa mtoni. Kinachosumbua ni ukwaruzo wa mkondo, yaani jinsi mkondo unavyoyapunguzia maji kasi. Robert Manning, mhandisi wa Ireland, aliwasilisha kanuni yake ya kukokotoa kasi ya maji mwaka 1889, na hadi leo mkondo hupewa namba ya ukwaruzo: ulionyooka na safi hukaribia 0.03, uliosongwa na vichaka huweza kufika 0.1. Maji ni yaleyale, ila huko vichakani hupanda juu zaidi. Namba hiyo hakuna ubao unaoionyesha. Mtu hushuka mtoni, hutazama matete, mchanga na taka, kisha huamua. Kompyuta inayokadiria mafuriko humfuata yeye (anayebisha hajawahi kulowa viatu). Mchanga ukichimbwa, kazi huanza upya.

Hongereni sana. Wenye mafungu, wapeni vifaa; nasi wakazi tusiwang'olee mbao.