Kiti cha Pili Benchini: Kocha Msaidizi wa Mpira wa Kikapu wa Wanawake Anavyojengwa kati ya Ruiru na Thika

Katika mpira wa kikapu wa vyuo vikuu, kocha msaidizi ni mtu ambaye cheo chake kinafahamika kuliko kazi yake, na jambo hili hujitokeza waziwazi kandokando ya Barabara Kuu ya Thika, ambako Chuo Kikuu cha Zetech kina bewa lake kuu mjini Ruiru na Chuo Kikuu cha Mount Kenya, kilichopewa chata mwaka 2011, kina makao yake mjini Thika. Uchambuzi huu unashikilia kwamba safari ya kikazi ya kocha wa aina hii haipimwi kwa miaka aliyokaa benchini, bali kwa sehemu ya mchezo aliyokabidhiwa aimiliki mwenyewe, kiasi kwamba sehemu hiyo ikifaulu au ikianguka, jawabu linatafutwa kwake.

Mazingira ya kazi yenyewe hayana huruma. Timu ya wanawake ya Zetech, iitwayo Zetech Sparks, hucheza katika Ligi Kuu ya Shirikisho la Mpira wa Kikapu la Kenya dhidi ya vyuo vingine, lakini pia dhidi ya timu za waajiri wakubwa, kama vile Mamlaka ya Bandari ya Kenya, ambayo uwanja wake wa nyumbani ni ukumbi wa Makande mjini Mombasa, na Benki ya Equity. Timu ya mwajiri inaweza kumweka mchezaji mmoja kwa muda mrefu, ilhali chuo humpoteza mwanafunzi mara anapohitimu, tena mara nyingi humpoteza kwa hao hao wapinzani wake, na kwa hiyo benchi la ufundi la chuo hulazimika kuanza upya kufundisha mambo ambayo mpinzani ameshayazoea.

Swali la kwanza, basi, ni nini hasa ambacho msaidizi anaruhusiwa kufanya, na jibu lake limo ndani ya kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Kikapu, FIBA, ambazo humpa kocha msaidizi wa kwanza, yaani yule ambaye jina lake limeandikwa katika karatasi rasmi ya mchezo, mamlaka makubwa kuliko yanayotumika kwa kawaida. Kwanza, ni kocha mkuu na msaidizi huyo pekee wanaoweza kuomba taimauti, yaani kisimamo cha dakika moja ambacho timu hukitumia kujipanga upya. Timu hupewa visimamo viwili katika nusu ya kwanza na vitatu katika nusu ya pili, ila katika dakika mbili za mwisho za robo ya nne haiwezi kutumia zaidi ya viwili kati ya hivyo vitatu, maana yake ni kwamba kocha anayevihifadhi vyote kwa ajili ya mwisho amekwisha kupoteza kimoja bila kukitumia. Kuhesabu visimamo hivi na kumkumbusha kocha mkuu kwamba kimoja kinaelekea kuoza ni kazi ndogo kwa sura tu. Pili, mmoja kati ya makocha hao wawili anaruhusiwa kusimama wakati mchezo unaendelea, lakini si wote kwa pamoja, na kwa hiyo timu inaweza kuamua kwamba msaidizi ndiye atakayesimama timu inapozuia na kocha mkuu atasimama inaposhambulia. Tatu, kocha mkuu akitolewa nje, kwa mfano baada ya kuadhibiwa mara mbili kwa makosa ya kiufundi yanayotokana na utovu wake wa nidhamu, msaidizi wa kwanza huchukua mamlaka yote papo hapo; na kama jina la msaidizi halikuandikwa, mzigo huo humwangukia nahodha, ambaye atalazimika kucheza huku akiongoza. Timu inayomweka mtu benchini bila kumwandikisha humnyima kwa uzembe kile ambacho kanuni zimempa.

Sehemu ya pili ya kazi ni takwimu, na hapa ndipo msaidizi kijana anapoweza kujipatia nafasi haraka kuliko kwingineko, kwa kuwa hazihitaji bajeti bali karatasi, kalamu na mtu asiyefuata mpira kwa macho ya shabiki. Mmarekani Dean Oliver, katika kitabu chake cha mwaka 2004 kuhusu takwimu za mchezo huu, aliyapanga mambo yanayoamua ushindi katika mafungu manne, ambayo ni ubora wa mitupo, upotevu wa mpira, ribaundi za mashambulizi, yaani mipira inayookolewa chini ya kikapu cha mpinzani baada ya mtupo kukosa, na mitupo huru. Msingi wa hesabu yote ni zamu ya kushambulia, ambayo hukadiriwa kwa kujumlisha mitupo ya kawaida, mipira iliyopotezwa na asilimia 44 ya mitupo huru, kisha kuondoa ribaundi za mashambulizi. Mitupo huru haihesabiwi mizima kwa sababu mara nyingi miwili au zaidi hutoka katika zamu moja.

Mfano wa kubuni utasaidia. Timu imefunga pointi 58 kwa mitupo 62 ya kawaida na mitupo huru 20, ikapata ribaundi 11 za mashambulizi na kupoteza mpira mara 22. Zamu zake ni takribani 82, na zaidi ya robo ya zamu hizo zimeishia mikononi mwa mpinzani bila hata mtupo mmoja kupigwa. Kocha mkuu aliyekasirishwa na matokeo huenda akaagiza wiki nzima ya mazoezi ya kulenga, lakini karatasi inasema jambo jingine: katika zamu ambazo mpira haukupotezwa, timu ilivuna karibu pointi moja kwa kila zamu, na kwa hiyo kupunguza upotevu kutoka 22 hadi 14 kungeleta karibu pointi nane bila mkono wa mchezaji yeyote kuwa hodari zaidi. Msaidizi anayeweza kuyasema hayo mbele ya bosi wake, kwa adabu na kwa tarakimu, ameshatoka katika kundi la wabeba mipira. Oliver mwenyewe, aliyeanza na karatasi kama hizo, aliishia kuwa kocha msaidizi wa Washington Wizards katika ligi ya NBA mwaka 2019.

Sehemu ya tatu ni ufundi wa mtu mmoja mmoja, hasa wachezaji warefu wa karibu na kikapu, ambao hufundishwa pembeni wakati timu nzima iko katika zoezi jingine. Mambo yenyewe ni madogo mno kwa macho ya mtazamaji: kupokea mpira na kutua kwa miguu yote miwili ili mchezaji abaki huru kugeuka upande wowote, kutoushusha chini ya kifua ambapo mlinzi mfupi anaweza kuupokonya, na kumzuia mpinzani kwa mgongo kabla ya kuutazama mpira unaorudi kutoka ubaoni. Ruiru ina ushahidi wa kile kinachoweza kutoka katika mazoezi ya namna hiyo, kwa kuwa Madina Okot, mchezaji wa kati mwenye urefu wa takribani sentimita 198, aliichezea Zetech kabla ya kuhamia Chuo Kikuu cha Mississippi State nchini Marekani, ambako katika msimu wa 2024–25 alikuwa na wastani wa zaidi ya pointi 11 na zaidi ya ribaundi 9 kwa mchezo, kisha mwaka 2025 akajiunga na South Carolina. Takwimu za mchezaji humfuata kokote aendako, lakini hakuna safu katika jedwali lolote inayoonyesha nani alimfundisha kutua kwa miguu miwili.

Makocha waliompokea Okot huko ng'ambo wana fundisho kuhusu kazi ya msaidizi. Sam Purcell, kocha mkuu wa Mississippi State tangu mwaka 2022, alitumia karibu muongo mzima akiwa msaidizi katika Chuo Kikuu cha Louisville. Na South Carolina, chini ya Dawn Staley, ina Lisa Boyer, ambaye amekaa naye kiti cha pili kwa miaka mingi, na Jolette Law, aliyekuwa kocha mkuu wa Illinois kuanzia 2007 hadi 2012 kisha akarudi kuwa msaidizi bila heshima yake kupungua. Vyuo vya daraja la kwanza huko viliruhusiwa, kuanzia Julai 2023, kuwa na wasaidizi hadi watano katika kikapu cha wanawake, ingawa kanuni hiyo iliwaruhusu watatu tu kutoka nje ya chuo kusajili. Si haki kulinganisha wasaidizi watano wa kulipwa na mmoja wa Ruiru anayefanya yote, lakini kinachoweza kuigwa bila gharama ni ule mgawanyo wenyewe: huyu ana ulinzi, yule ana warefu, mwingine ana uchunguzi wa wapinzani.

Usajili nao, ambao Marekani ni taaluma kamili, katika ukanda huu huanzia kwenye michezo ya kitaifa ya shule za sekondari ya muhula wa kwanza, ambako shule kama Kaya Tiwi ya Kwale, Buruburu ya Nairobi na Tigoi ya Vihiga zimejijengea jina kwa wasichana wao, na chuo kinachotoa ufadhili wa masomo kwa wanamichezo hakiwezi kumtuma mtu asiyejua timu yake inapungukiwa wapi.

Kuhusu kupanda kutoka kiti cha pili hadi cha kwanza, mfano ulio karibu zaidi kwa wasomaji wa Kenya unatoka katika timu ya wanaume. Liz Mills wa Australia, aliyewahi kuwa msaidizi katika timu ya taifa ya Cameroon, aliiongoza Kenya mjini Yaoundé Februari 2021 ilipoifunga Angola 74–73, na baadaye mwaka huo akawa mwanamke wa kwanza kuwa kocha mkuu katika fainali za AfroBasket za wanaume. Kwa kocha wa kike anayeanzia Thika au Ruiru, ambaye kwa kawaida ni mchezaji wa jana aliyebaki na timu baada ya kuhitimu, leseni za ukocha ni muhimu, lakini hazitoshi kueleza alichofanya. Anapoomba kazi katika klabu au timu za taifa za vijana, barua isemayo kwamba alikuwa msaidizi kwa misimu mitatu ina uzito mdogo kuliko ile isemayo kwamba katika misimu hiyo ulinzi wa eneo, yaani ule ambao kila mchezaji hulinda sehemu ya uwanja badala ya mtu, ulikuwa wake, ikiambatanishwa na karatasi za kila mchezo zikionyesha zamu, upotevu na ribaundi. Ni vyuo vyenyewe vinavyopaswa kuandika mgawanyo huo katika mkataba, kabla ya msimu kuanza.