Kibao Kisemacho na Kazi ya Mwalimu

Siku hizi kila wakutanapo walimu, hapa Kagoma na kote Buhaya, mazungumzo hayakawii kufika kwenye vyombo vipya vya kufundishia. Wako wasemao kwamba kishikwambi, yaani kile kibao cha kioo chenye picha na sauti, kitaondoa katika nchi ujinga wa kutojua kusoma. Wako na wengine wasemao kwamba ni mchezo mtupu, nao wamhofia mwalimu asije akaondolewa na mashine. Sisi twaona ya kuwa pande zote mbili zimehukumu upesi mno. Jambo lenyewe limekwisha kujaribiwa katika nchi yetu, na matokeo yake yajulikana. Basi yafaa tuyapime yaliyotendeka, kabla ya kusifu au kulaumu.

Mwaka 2014 chama cha Marekani kiitwacho XPRIZE kilitangaza mashindano ya elimu yenye zawadi za jumla ya dola milioni 15, na aliyezitoa fedha hizo ni tajiri Elon Musk. Swali la mashindano lilikuwa hili: Je, yawezekana kutunga masomo ndani ya kishikwambi, hata mtoto asiye na shule wala mwalimu ajifundishe mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu kwa muda wa miezi 15? Mwaka 2017 vikundi vitano vilichaguliwa, kila kimoja kikapewa dola milioni 1. Kisha masomo yao yakapelekwa mkoa wa Tanga, katika vijiji 170, kwa watoto wapatao 2,700. Serikali ya Tanzania ilishiriki, pamoja na UNESCO na shirika la chakula la Umoja wa Mataifa. Vishikwambi vilitolewa na kampuni ya Google, na vijijini viliwekwa vyombo vya kuvitia nguvu kwa mwanga wa jua. Mwezi wa Mei 2019 vikundi viwili vilitangazwa kuwa vimeshinda sawasawa, vikagawana dola milioni 10: Kitkit School, cha watu wa Korea Kusini na Marekani, na onebillion, cha watu wa Uingereza na Kenya.

Kwanza tuseme yaliyo mema, maana mwenye kupima kwa haki huanza na yaliyo mema. Masomo hayo yalitungwa kwa Kiswahili. Wageni wengi wameleta vitu vya elimu katika Afrika na kumtaka mtoto ajifunze kwanza lugha yao ndipo apate faida. Hawa hawakufanya hivyo. Tena kishikwambi hakichoki. Mtoto akikosea mara 20 humrudishia swali lile lile kwa sauti ile ile, wala hakimdhihaki mbele ya wenzake. Sisi tulio walimu twajua jinsi ilivyo vigumu kuwa na uvumilivu kama huo saa saba ya mchana, mbele ya darasa lililojaa. Tena kila mtoto huenda kwa mwendo wake. Mwepesi hamngojei mzito, na mzito haburutwi na mwepesi. Mwisho, masomo ya vikundi vyote vitano yalitolewa wazi, apate kuyatumia na kuyatengeneza upya kila apendaye. Huo ni ukarimu, nao wastahili shukrani.

Sasa tutazame matokeo. Kabla ya kuanza, zaidi ya watoto 90 katika kila 100 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 hesabu ya hao wasioweza ilipungua kwa nusu. Watangazaji walishangilia, nasi hatukatai kwamba ni jambo kubwa, kwa kuwa wengi wa watoto hao walikuwa hawajapata kwenda shule kabisa. Lakini msomaji na ahesabu pamoja nasi. Nusu ya 90 ni 45. Yaani, baada ya mwaka mmoja na miezi mitatu ya kukaa na chombo kile, karibu nusu ya watoto walikuwa bado hawawezi kusoma hata neno moja. Na hao walioweza, si wote waliofika mahali pa kuisoma hadithi na kuieleza maana yake. Kutambua neno ni mlango tu wa kusoma. Mwalimu ambaye nusu ya darasa lake limetoka hivyo hapewi zawadi. Huitwa na mkaguzi.

Lakini hatuwalaumu watunzi wa masomo kwa hayo. Kosa twaliona katika swali lenyewe. Waliuliza chombo chaweza kufanya nini pasipo mwalimu. Hawakuuliza mwalimu aweza kufanya nini akiwa na chombo. Swali la kwanza lawafaa watoto walioko mbali na shule, na kwa hao lina haki yake. Walakini likichukuliwa na kuletwa kwa watoto walio shuleni, lapotosha. Maana huwafanya wakubwa kufikiri kwamba upungufu wa walimu waweza kuzibwa kwa kununua mashine. Ndilo jambo tunalolihofu, na ndiyo sababu ya kuandika.

Tutoe mfano mmoja wa huku kwetu. Mtoto wa Kagoma huingia darasa la kwanza akiwa na Kihaya kinywani. Kishikwambi humwonyesha picha ya ng'ombe na kusema, "ng'ombe." Yeye nyumbani amejifunza kusema *ente*. Humwonyesha nyumba, naye aijua kwa jina la *enju*. Humwonyesha mtu, naye moyoni asema *omuntu*. Mashine husikia kwamba hakujibu sawa, humrudishia tena, na tena, bila kujua kwa nini. Mwalimu aliyezaliwa huku hujua mara moja. Humwambia, "Huyo *omuntu* wako ndiye mtu, ondoa kichwa cha neno, utamwona." Kwa neno moja mtoto amefunguliwa mlango wa maneno mengi. Watoto wa Tanga nao wana lugha zao za nyumbani, lakini Kiswahili wakisikia kila siku sokoni na barabarani kuliko mtoto wa kibanja cha migomba. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kusema kwamba yaliyopatikana Tanga yatapatikana vivyo hivyo huku, pasipo kujaribu.

Tena tusidhani kwamba kuunganisha chombo na mtu ni ndoto. Nchini Malawi masomo ya hao hao onebillion yaliingizwa katika shule za msingi kwa lugha ya Kichewa. Huko watoto huyatumia shuleni kwa zamu, chini ya macho ya walimu, na wataalamu waliopima waliona maendeleo mema katika hesabu na kusoma. Wala si lazima kwenda mbali. Mwaka 1973 Tanzania ilifanya kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Chombo kipya cha siku zile kilikuwa redio. Watu wapatao milioni mbili walijifunza habari za malaria, kuhara na usafi. Lakini redio haikuachwa iseme peke yake. Palikuwa na vijitabu, palikuwa na vikundi vya kusikiliza, na kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefundishwa kazi yake. Redio iliponyamaza, watu walizungumza. Walipokwisha kuzungumza, walitoka kwenda kuchimba vyoo. Wazee wengi wayakumbuka hayo hata leo. Sauti ilitoka mbali, ila kazi ilifanywa na majirani.

Baada ya Sensa ya Agosti 2022, Serikali iligawa kwa walimu vishikwambi vilivyotumiwa na makarani wa kuhesabu watu. Hili twalisifu, kwa kuwa chombo kilipewa mtu mwenye kazi yake. Ila nalo lina upungufu wake. Kishikwambi kimoja mkononi mwa mwalimu chamsaidia kutayarisha somo, lakini hakiwafikii watoto. Ukikisimamisha mbele ya darasa la watoto 80, walio nyuma hawaoni wala hawasikii. Ni kama kitabu kimoja kusomwa na kijiji kizima. Basi Tanga mtoto alipewa chombo pasipo mwalimu, na baadaye mwalimu alipewa chombo pasipo watoto. Yaliyobaki ni kuwakutanisha.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, mzazi asiye mwalimu naye ana neno la kusema katika jambo hili. Akija mtu kijijini na sanduku la vyombo vya elimu, asipokewe kwa nderemo tu, wala asifukuzwe. Aulizwe maswali matatu. La kwanza: Ni nani atakayekaa na mtoto anapokwama? La pili: Je, masomo haya yamejaribiwa kwa watoto wasemao lugha ya nyumbani kwetu? La tatu: Kioo kikivunjika, au mawingu ya ziwani yakilifunika jua majuma mawili, ni nani atakayetengeneza, na kwa fedha ya nani? Mwenye majibu mema na akaribishwe. Asiye na majibu na aende akayatafute kwanza.

Hukumu yetu ni hii. Masomo yaliyoshinda mwaka 2019 ni kazi njema, nayo yafaa kuwafikia watoto wasio na shule pasipo kukawia, maana kwa mtoto asiye na kitu hata nusu ni riziki. Lakini kwa mtoto aliye shuleni hayatoshi kuwa badala ya mwalimu, wala yasitumiwe kuwa sababu ya kutoajiri mwalimu. Jembe zuri hulifurahia mkulima, lakini hakuna aliyepata kuliacha shambani usiku akakuta asubuhi limelima.