Yusuf Mbele ya Wasomaji wa Stockholm

Uhakiki wa riwaya huuliza mambo matatu kabla ya mengine: hii ni riwaya ya aina gani, nani anaisimulia, na lugha yake imesukwa vipi. Wanafunzi wa sekondari huyajua maswali hayo chini ya vichwa vya fani na maudhui, na wengi huyajibu kwa orodha ya kukariri. Yakishikwa na msomaji aliyebobea huwa kazi nyingine kabisa. Mfano mzuri ni jinsi riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Paradise, ya mwaka 1994, ilivyosomwa Stockholm.

Akademia ya Uswidi hukutana katika jengo la Börshuset, kwenye uwanja wa Stortorget, ndani ya Gamla stan, yaani mji mkongwe. Iliasisiwa mwaka 1786 na Mfalme Gustav III, ina viti 18, na vikao vyake huwa siku ya Alhamisi. Inamiliki hata mkahawa, Den gyllene freden, ambako wanachama hula baada ya kikao. Labda ndiko hoja kali zaidi zinakotolewa. Akademia hii ndiyo inayotoa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, na kamati yake ya Nobel hupokea mapendekezo hadi mwisho wa Januari, huyachuja mpaka yabaki majina matano hivi, kisha kiangazi kizima ni cha kusoma. Kumbukumbu za majadiliano hufungiwa kwa miaka 50. Kinachoonekana hadharani ni maelezo mafupi yanayotolewa pamoja na tangazo, na yale ya tarehe 7 Oktoba 2021, Gurnah alipotunukiwa tuzo hiyo, yaliandikwa na mwenyekiti wa kamati, Anders Olsson.

Katika maelezo hayo Paradise haifungiwi katika aina moja. Olsson anaiona kuwa ni safari ya kuingia bara inayomjibu Joseph Conrad, ni riwaya ya makuzi ya kijana, ni kisa cha mapenzi chenye huzuni, na pia ni usimulizi mpya wa kisa cha Nabii Yusuf. Mhakiki mvivu angechagua kimoja na kuendelea. Ufundi ni kuziweka aina zote nne mezani na kutazama ni wapi kila moja inakataliwa na riwaya yenyewe. Katika Sura Yusuf, kanzu iliyochanika kwa nyuma inamtoa Nabii katika tuhuma, na mwishowe anakabidhiwa hazina za Misri. Katika riwaya, bibi wa nyumba anamtamani kijana Yusuf, mhusika mkuu, na shati linachanika vilevile kwa nyuma, ila hakuna hazina inayomngoja. Yusuf huyu amewekwa rehani kwa deni la baba yake, na kuthibitika kwake kuwa hana hatia hakumlipii hata senti moja ya deni hilo. Mtu asiyekijua kisa cha Kurani ataliona shati tu. Anayekijua anaona ahadi ikivunjwa, na hapo ndipo utanzu unapoanza kusema jambo.

Swali la msimulizi lina mtego. Kusema kwamba riwaya imesimuliwa kwa nafsi ya tatu na kufunga daftari ni kuuacha uhondo wote sahanini. Sentensi ya kwanza, katika Kiingereza cha awali, ina maneno matatu na haina kitenzi: inamtaja mvulana na kumtanguliza, kama mtambaji anayewapanga wahusika kabla hajaanza hadithi. Msomaji anatarajia msimulizi anayejua yote. Sivyo ilivyo. Sauti hiyo inajibana kwenye macho ya mtoto wa miaka 12, na haivuki mpaka wa anachokijua. Ami Aziz, tajiri anayemdai baba yake, anapokuja kuwatembelea humpa sarafu ya anna kumi, na mtoto hufurahi. Siku ya kuondoka anaambiwa ni matembezi tu. Neno deni linamfikia baadaye, kutoka kwa Khalil, kijana mwenzake wa dukani, ambaye pia anamkataza kumwita tajiri yule ami. Mwandishi hakudanganya mahali popote. Ametuweka tu mahali pa kuona kidogo. By the Sea ya mwaka 2001 inafanya kinyume: Saleh Omar na Latif Mahmud wanasimulia kila mmoja kwa kinywa chake, na ukweli wa nyumba moja unagombaniwa na sauti mbili.

Kuhusu mtindo, maneno machache yanatosha. Gurnah haandiki kwa mbwembwe. Ukatili wa msafara wa biashara wa Aziz kwenda bara unasimuliwa kwa sentensi tulivu, na utani hauachwi: Kalasinga, fundi wa Kisingasinga, ana azma ya kuitafsiri Kurani kwa Kiswahili, na ubishi unaofuata unachekesha huku ukiwaweka watu wa dini mbalimbali barazani pamoja. Tangu mwaka 2022 riwaya hii inasomeka pia kwa Kiswahili kama Peponi, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyochapishwa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam. Humo, mazungumzo yaliyokuwa na ugeni kidogo katika Kiingereza yanarudi kuwa ya nyumbani.

Maswali yote matatu yanakutana katika ukurasa wa mwisho, Yusuf anapokimbilia safu ya askari wa Wajerumani, jeshi lilelile alilolidharau. Riwaya ya makuzi ingetaka awe amepevuka. Kisa cha Nabii kingetaka atunukiwe. Msimulizi aliyekaa naye karibu muda wote hasemi kama kijana anatoroka au anachagua, na sentensi zinakatika upesi bila maelezo. Olsson anaihesabu tabia hii ya kumnyima msomaji mwisho anaoutarajia kuwa alama ya Gurnah. Afterlives, riwaya ya mwaka 2020, inaingia katika jeshi hilohilo, lakini kijana anayejiunga nalo anaitwa Hamza, na mhakiki aliyedhani amepata jibu kuhusu Yusuf inambidi aanze upya.