Jina Lililoshuka Kwenye Manowari

Bibi mzaa mama alikuwa na jina la ukoo la Kiingereza. Kisauni alikokulia hilo halikuwa ajabu. Kanisani, majina yaliyosomwa kwenye matangazo ya ndoa ungedhani ni ya mabaharia wa Portsmouth, na wenyewe waliosimama walikuwa weusi kama mimi, wasemao Kimvita, wapikao wali wa nazi. Siku moja nilimuuliza kama sisi tuna damu ya Kizungu.

"Hilo tulipewa, mume wangu," alinijibu, maana ndivyo bibi wa pwani wanavyowaita wajukuu wao wa kiume. "Kamuulize aliyetoa."

Aliyetoa alikuwa amekufa zamani. Daftari lake lilikuwepo, na kulitafuta ndiko kulikonifunza kazi ninayotaka kuisifu hapa: kulifuata jina la ukoo katika vitabu vya nasaba, madaftari ya ubatizo, hati za mashamba na karatasi za ubalozi, mpaka jina ligeuke tena kuwa mtu.

Kwetu kazi hii ina utelezi wake. Mswahili wa jadi hana jina la ukoo kwa maana ya fomu za serikali. Ana jina lake, la babake na la babu yake. Hamisi Juma Ali akizaa, mtoto ataitwa Salim Hamisi Juma, na huyo naye akizaa, mjukuu ataitwa Juma Salim Hamisi. Fomu ya pasipoti inataka jina la mwisho, kwa hiyo wa kwanza anaingizwa kama Ali, wa pili Juma, wa tatu Hamisi, na karani anayewasoma huko ng'ambo anaona watu watatu wasiohusiana. Mwenye kutafuta ukoo wa namna hii kwa kushika jina moja na kurudi nalo nyuma atapotea kabla hajamfikia babu. Inambidi ashike mnyororo: huyu bin yule, yule bin fulani, na kila pete aijaribu kwa ushahidi mwingine.

Wako waliojaliwa minyororo mirefu. Masharifu wa Lamu, Mombasa, Unguja na Ngazija wenye asili ya Hadhramaut wana nasaba zilizoandikwa na kuhakikiwa kizazi baada ya kizazi. Mufti wa Tarim huko Hadhramaut, Abdurrahman bin Muhammad al-Mashhur, aliyefariki mwaka 1902, alikusanya koo za masharifu hao, yaani Maba'alawi, katika kitabu kiitwacho Shams al-Dhahira, na matawi yaliyovuka bahari yakatua pwani hii yana nafasi yake katika mti ule. Nimewahi kuoneshwa shajara ya nasaba ya nyumba moja ya namna hiyo. Karatasi ilikuwa ndefu kuliko meza, imekunjwa mara nane, kila jina ndani ya kijiduara, na palipokuwa na mtu aliyekufa bila kuzaa, kijiduara kile hakikutoa tawi. Mzee mwenyewe hakuigusa kabla ya kunawa mikono. Niliiheshimu kazi ile na bado naiheshimu. Lakini siku ile nilitoka nimeinama, maana upande wa bibi sisi mnyororo ulikuwa na pete nne tu, na ya nne ilining'inia juu ya maji.

Maji yenyewe yanajulikana. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar, baada ya kushinikizwa na Uingereza, alitia sahihi mkataba wa kufunga biashara ya watumwa ya baharini. Mjumbe aliyeletwa kuudai alikuwa Sir Bartle Frere. Manowari za Waingereza zikaendelea kuyakamata majahazi yaliyowabeba watu kwa siri, na waliookolewa ilibidi wawekwe mahali. Chama cha wamisionari wa Kianglikana, CMS, kikapata ardhi ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, huko huko Kisauni, na mwaka 1875 kijiji kikaanza kukaliwa. Wakakiita Frere Town. Watu waliopelekwa pale wakaitwa mateka. Mnara wa kengele yao ungali umesimama njia panda, na kituo cha matatu hapo kinaitwa Kengeleni. Maelfu hupita kila siku wakilitaja jina hilo bila kuuliza ni kengele gani.

Wa kwanza kusaidia kukijenga kijiji hicho walikuwa Waafrika waliorudishwa kutoka India, waliosomeshwa kwenye misheni karibu na Nasik. Ndiko alikotoka Jacob Wainwright, Myao aliyeandika shajara ya safari ya kuubeba mwili wa Livingstone mpaka pwani, kisha akasindikiza jeneza hadi Westminster, tarehe 18 Aprili 1874. Ndiko alikotoka pia Matthew Wellington, mwenziwe katika msafara ule, aliyeishi Mombasa mpaka alipofariki mwaka 1935. Wainwright. Wellington. Ukiyafuata majina hayo kwenye vitabu vya nasaba vya Uingereza utakuta familia nyingi, na hakuna hata moja iliyo ndugu zao. Bahati ya Wellington ni kwamba jina lake la utotoni lilihifadhiwa: Chengwimbe. Neno moja tu, na kwa neno hilo kijana wa Kiyao anakuwa na kwao.

Kwa hiyo nilijua ninachotafuta. Nilikuwa nalo Wellington letu, nikimtaka Chengwimbe wetu. Jina lenyewe la Kiingereza sitaliandika hapa, kwa kuwa wenye kulitumia wako hai na wengine hawapendi habari hizi.

Nilianza kwa wazee, kama inavyopasa, na kwa kosa langu nilianza kwa wazee wanaume. Walinipa tarehe, vyeo, na nani alikuwa mzee wa kanisa. Wanawake ndio walionipa mahusiano. Shangazi mmoja wa mamangu, ambaye kalamu hakuwahi kuishika, alinitajia nani alimlea nani, nani alinyonya ziwa moja na nani, na nani aliitwa "ndugu" kwa sababu tu wazazi wao walishuka chombo kimoja. Hilo la mwisho sikulijua. Watu waliotolewa kwenye jahazi moja walihesabiana udugu, na watoto wao wakaona haya kuoana. Hakuna daftari linaloandika udugu wa namna hiyo, na bila kuujua ningewaunganisha kwa damu watu waliounganishwa na bahari.

Kisha karatasi. Za misheni zilisafirishwa Uingereza na sasa nyingi zimo Chuo Kikuu cha Birmingham. Za ubalozi wa Uingereza Unguja zimo katika nyumba ya nyaraka ya Zanzibar, Kilimani. Nairobi, Nyaraka za Taifa zimo katika jengo lililokuwa Benki ya India, Moi Avenue, na huko utakuta za wakoloni. Madaftari ya parokia aghalabu hubaki parokiani, kabatini, na kufika kwake kunategemea subira na adabu yako kuliko barua uliyobeba.

Ukurasa wenyewe, wa daftari la ubatizo, ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Wino ulishageuka kahawia, na pembe ya chini ilikuwa imeliwa na mchwa. Mwandishi alikuwa na mkono wa haraka. N yake na u yake ni moja, na r yake ni kama ndoana. Mstari wa sita kutoka juu: tarehe, jina jipya, jina la zamani, umri, taifa, wasimamizi wa ubatizo. Jina jipya ndilo lile la bibi. Kwenye umri ameandika 9, na mbele ya 9 ametia alama ya kuuliza.

Niliiangalia alama ile kwa muda mrefu. Mtu yule alikuwa na watoto wengi mbele yake, kazi nyingi, labda na homa. Hakujua umri wa mtoto na hakujifanya kuujua. Nimeona wanasaba wa leo, wenye kompyuta na mapenzi makubwa, wakiandika mwaka kamili wa kuzaliwa pale ambapo karani wa miaka zaidi ya mia iliyopita alikiri kutojua. Kanuni ya kwanza ya kazi hii ndiyo hiyo: nakili kama ilivyoandikwa. Usisahihishe tahajia, usijaze pengo, na shaka ya mwandishi ichukue pamoja na maneno yake.

Neno "Nyasa" lililokuwa kwenye safu ya taifa nalo linahitaji tahadhari. Waliopitishwa Kilwa kutoka bara la kusini walibandikwa jina hilo kwa wingi, Myao, Mmang'anja na wengineo. Linaeleza njia waliyopitishwa. Kabila ni jambo la kutafutwa kwingine.

Na jina la zamani? Herufi saba zisizotamkika. Hapa mwanasaba hana budi kuwa mtu wa lugha. Wazungu wale waliandika walichosikia kwa masikio ya kwao. Mmisionari Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, aliandika Rabai kwa b mbili, na Wadachi upande wa pili wa mpaka waliandika Kilimandscharo. Hati za Kiarabu nazo zina mitego yake, kwa kuwa maandishi yale ya zamani hayakutenga p na b, wala o na u. Popo na bubu vikiandikwa kwa herufi hizo ni neno moja, na msomaji aliye nje ya habari hawezi kujua kama anasoma juu ya mnyama arukaye usiku au mtu asiyesema. Fikiria sasa si neno, ni babu yako.

Nililipeleka jina lile kwa mzee mmoja msemaji wa Kiyao. Sikumwonesha maandishi. Nilimsomea, naye akaniambia nisome tena polepole, kisha nisome kama Mzungu. Niliposoma kama Mzungu alifumba macho, midomo ikachezacheza, akatamka jina. Halafu akatamka la pili. "Ni mojawapo ya haya," alisema. "Yote tunayo." Nimeyaandika yote mawili.

Kwa miaka miwili niliamini nimemaliza, kumbe nilikuwa nimewafanya watu wawili kuwa mmoja. Jina la Kiingereza walipewa watoto wawili, mmoja mkubwa, mmoja mdogo, maana msimamizi wa ubatizo alikuwa mmoja. Kilichonizindua ni sahihi. Kwenye cheti kimoja cha ndoa shahidi ameandika jina lake kwa mkono ulionyooka. Kwenye kingine, cha miaka iliyofuata, mwenye jina lile lile ameweka alama ya msalaba. Aliyejua kuandika hasahau. Nilirudi kwenye madaftari, safari hii nikasoma kila ukurasa, si majina yangu tu, na ndipo mambo yakajipanga: majirani, mashahidi, waliowasimamia watoto wa wenzao. Mtu huonekana vizuri akiwa kati ya watu wake.

Hati za ardhi zilimalizia. Sheria ya mwaka 1908 iliwataka wenye mashamba ya pwani wajitokeze na madai yao, na dai hutaja mipaka. Shamba la babu yake bibi sikulipata kwa jina lake. Nililipata katika dai la jirani: upande wa kusini njia, upande wa mashariki shamba la fulani. Mtoto wa "9?" alikuwa ameshakuwa mpaka wa mtu mwingine, yaani alikuwa na mahali.

Wako wanaosema nasaba ni mambo ya wenye vilemba, na sisi wa asili ya mateka tuyaache yalale. Nawaelewa, aibu ile ilipandwa mapema, na mizizi yake ni mirefu. Lakini nimeyasoma makaratasi ya pande zote mbili, na sioni haya kusema kwamba jasho kubwa zaidi la mwanasaba linawastahili waliopokonywa majina. Sharifu hata asipoutafuta mti wake atakuta umeandikwa. Mtoto yule wa mstari wa sita, nisipomtafuta mimi, hana mwingine.

Bibi hakuyasikia yale majina mawili, alitangulia. Niliyapeleka kwa shangazi yule wa mamangu, nikamsomea la kwanza, nikamsomea la pili. La pili alitaka nilirudie. Akasema babake mdogo alikuwa akimwita mwanawe hivyo akimbembeleza, na wao watoto walidhani ni neno la wimbo.

Ndugu msomaji, karatasi nyingi za pwani yetu haziko Birmingham wala Kilimani. Zimo ndani ya masanduku ya mbao chini ya vitanda: vyeti vya ubatizo, barua za talaka, risiti za kodi ya kichwa, hati za wakfu, daftari la msiba lenye majina ya waliochangia. Mwenye sanduku akifa, wajukuu husafisha chumba na kuchoma takataka. Tafadhali, kabla ya kuwasha moto, kaa chini na mtu mzima wa nyumba hiyo, mtoe karatasi moja moja, mwandike nyuma ya kila moja ni ya nani. Na kama kuna jina msiloweza kulisoma, liandikeni lilivyo na mtie alama ya kuuliza.