Baba Kaizari: Boksi la Friji Lililotupeleka Antaktiki

Jamani, nimetoka kucheza sasa hivi na moyo bado unanidunda! Raundi tatu mfululizo, chai imepoa mezani, na mpwa wangu wa miaka tisa amegoma kwenda kuoga mpaka yai lake lianguliwe. Yote hayo kwa sababu ya kipande cha boksi la friji, vizibo vya soda, shanga na kikombe kimoja cha maharage.

Mtunzi ni dada yangu, mwalimu wa shule ya msingi. Aliponiambia anatengeneza mchezo wa mezani wa kuwafundisha watoto habari za pengwini kaizari, niliitikia kwa adabu tu. Michezo ya kufundishia naijua. Mara nyingi ni ludo ileile iliyobandikwa maswali ya mtihani: ukijibu unasonga, ukikosa unarudi nyuma, na baada ya dakika kumi watoto wanaulizia rimoti. Katika Baba Kaizari hakuna swali hata moja. Maisha ya ndege huyo ndiyo kanuni zenyewe.

Nianze na kizibo, maana hapo ndipo nilipopagawa. Kila mchezaji ni pengwini dume. Kizibo cha soda, kilekile cha kuchezea drafti kijiweni, ndiyo miguu yake. Kimelazwa kifudifudi ili kusiwe na ukingo wa kuzuia kitu, na juu yake imewekwa shanga moja ya duara. Hilo ndilo yai. Unakisukuma kwa kidole kimoja, polepole, pumzi umeibana. Shanga ikidondoka, wenzako wanahesabu kwa sauti mpaka tano, nawe uirudishe juu. Wakifika tano yai limeganda, na huna jingine.

Huna jingine kweli! Jike hutaga yai moja tu kwa mwaka, la karibu nusu kilo, mwezi Mei au Juni, majira ya baridi ya kusini yanapokaza. Humkabidhi dume, miguu kwa miguu, kisha hurudi baharini kula. Kiota hakuna. Yai hukaa juu ya miguu ya baba, limefunikwa na mkunjo wa ngozi ya tumbo, kwa siku 65 hivi. Likibaki juu ya barafu kwa muda mfupi tu, kilichomo ndani kinakufa. Habari hiyo ningeisoma kitabuni leo nikaisahau kesho. Lakini nimeiona shanga yangu ikibingirika kuelekea chini ya kochi huku watoto wanne wakipiga kelele "tatu! nne!", na sidhani kama nitaisahau.

Sasa maharage. Hayo ni mafuta ya mwilini. Kila baba anapewa punje 30, na hakuna pa kuongezea, kwa sababu dume halisi hukaa bila kula takriban siku 115, kuanzia anapotoka baharini kwenda kutafuta mwenza mpaka mama anaporudi. Hupoteza zaidi ya theluthi moja ya uzito wake. Mchezoni, kila zamu upepo unapovuma unalipa: ukiwa peke yako punje tatu, ukiwa pembeni mwa kundi mbili, ukiwa katikati moja. Bila shaka kila mtu anataka katikati.

Raundi ya kwanza mpwa wangu mkubwa aliiwahi nafasi hiyo na kutulia kama mwenye nyumba. Wenzake waliokuwa pembeni wakaishiwa punje, mmoja baada ya mwingine. Ghafla akajikuta yeye ndiye pembeni, kisha yeye ndiye kundi zima, analipa tatu tatu. Hakufika siku ya kuangua yai. Dada yangu hakufungua mdomo. Raundi ya pili kijana akasema mwenyewe, "Basi tuzunguke." Wakaanza kusogeza vizibo kidogo kidogo, wa nje akiingia, wa ndani akitoka, shanga zikitetemeka juu. Nilisisimka, maana ndivyo wafanyavyo kule! Madume hubanana kwa mamia, hata maelfu, na kila baada ya sekunde 30 hadi 60 kundi lote hupiga kihatua cha sentimita 5 hadi 10. Nje baridi inaweza kushuka hadi zaidi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Ndani ya msongamano joto linaweza kupita nyuzi 30 juu ya sifuri. Joto la Dar es Salaam katikati ya barafu!

Sehemu ya akina mama ni fupi na ya vichekesho. Unabana pumzi, kisha unafunua kadi za bahari mpaka ushindwe: samaki, ngisi, krili, na sili chui anayekutia tumboni. Pengwini halisi anaweza kuzama zaidi ya mita 500, na amewahi kupimwa akikaa chini zaidi ya nusu saa. Mimi niliishia kadi sita. Mama akichelewa, baba ana kadi moja ya kumwokoa kifaranga, nayo ni maziwa yatokayo kooni mwake mwenyewe. Watoto walidhani ni utani. Ni kweli, ila yanatosha siku chache tu.

Kasoro zipo. Dadu inayoamua upepo ni katili mno mkiwa watatu, na punje 30 haziwafikishi popote. Walio chini ya miaka saba wanapotea kwenye mahesabu; mdogo wao aliyachukua mafuta yake ya mwilini akaenda kuyapanda kwenye chungu cha maua. Alitaka pia dubu mweupe awemo. Dada yangu akakataa katakata: dubu huyo ni wa kaskazini, pengwini kaizari ni wa kusini, hawajawahi kuonana. Nampa heko kwa msimamo huo.

Halafu kuna kadi ya mwisho, ambayo bado nabishana nayo. Vifaranga wamekua, wana manyoya laini yasiyozuia maji, mmebakiza hatua chache, kisha mtu anafunua: Barafu imekatika. Mchezo umekwisha kwa wote. Watoto walilalamika kwamba si haki. Dada akawaambia kwamba mwishoni mwa 2022, katika Bahari ya Bellingshausen huko Antaktiki, makundi manne kati ya matano yaliyokuwa yakifuatiliwa kwa satelaiti yalipoteza barafu yao kabla vifaranga hawajaota manyoya ya kuogelea, na inaaminika hakuna kifaranga aliyepona humo. Chumba kilinyamaza. Mimi ningeitoa kadi hiyo kwenye raundi ya kwanza. Watoto wamepiga kura ibaki.

Basi, ukipita dukani ukaliona boksi la friji limewekwa nje, liombe kabla halijachanwa. Tafuta vizibo sita, anza na punje 40, na shanga weka za akiba: chini ya kochi letu zimo tatu mpaka sasa.