Mafundi wa Kutengua

Fungua Wikipedia ya Kiswahili, ubonyeze "Mabadiliko ya karibuni". Utakutana na orodha kavu: saa, jina la makala, jina la mhariri, na namba ya kijani au nyekundu inayoonyesha matini yameongezeka au kupungua kiasi gani. Mkabidhi, yaani msimamizi wa Wikipedia, aliyezoea haisomi mstari kwa mstari. Anaitupia jicho tu, na jicho linakwama penyewe palipo na kasoro.

Tuseme makala kuhusu mji wa Kitengela imeongezewa baiti 340 na akaunti iliyofunguliwa dakika chache zilizopita, na maelezo yanasema "nimesahihisha tahajia". Tahajia gani hiyo ya baiti 340? Anafungua, anakuta sentensi laini kuhusu viwanja vinavyouzwa, na ndani yake kiungo cha tovuti ya kamari. Anatengua. Mtu mwenye hasira angeishia hapo. Fundi anapitia michango mingine ya akaunti hiyo, kisha anaisaka tovuti ile ile katika makala zote, maana roboti, yaani programu inayosambaza viungo vya namna hii, haigusi ukurasa mmoja ikatosheka. Kilichofutwa kinabaki kwenye historia ya makala, hivyo naye akikosea, mwingine atamtengua.

Mwaka 1995, mwanaprogramu Ward Cunningham alipoanzisha wiki ya kwanza, yaani tovuti inayohaririwa na wasomaji wenyewe, yeyote aliweza kuandika na yeyote aliweza kufuta. Wenye spamu waligundua baadaye kwamba mlango huo una thamani kwao, wala si kwa ajili ya wasomaji. Walitaka mitambo ya utafutaji ihesabu viungo vyao na kuvipandisha juu. Ndipo mwaka 2005 Google na wenzake wakaleta alama ya "nofollow", inayouambia mtambo usikihesabu kiungo fulani, na mwaka 2007 Wikipedia ya Kiingereza ikaiweka kwenye viungo vyote vya nje. Hakuna aliyefukuzwa, faida ndiyo iliyoondolewa. Spamu haikuisha, kwa kuwa roboti haina habari kwamba biashara yake imekufa, lakini ujanja wa namna hii naupenda kuliko kufuli lolote.

Sisi wa Tuala, kusini mwa Nairobi, tuna mfano wetu wa ujanja kama huo. Upande wa kusini wa Mbuga ya Wanyama ya Nairobi hauna ua, na simba huvuka kuja kwenye maboma. Richard Turere, kijana wa Kimaasai aliyelinda ng'ombe wa baba yake kando ya mbuga hiyo, alisimulia katika jukwaa la TED mwaka 2013 jinsi alivyoanza kuwafukuza kwa moto, kumbe moto ukamsaidia simba kuona zizini. Akasimamisha sanamu ya mtu. Siku ya kwanza simba wakarudi nyuma. Siku ya pili wakaona haisogei, wakaingia wakaua. Kilichofaa ni taa zinazowaka kwa kupokezana, alizounda kwa betri ya gari na kifaa cha indiketa ya pikipiki, hata simba akadhani kuna mtu anazunguka na tochi.

Wenye wiki nao waliwahi kusimamisha sanamu. Waliuliza mbili jumlisha tatu ni ngapi, na roboti zikajifunza kuhesabu. Wakaweka picha za herufi zilizopindishwa, na roboti zikajifunza kusoma, au binadamu akalipwa vijisenti azisome. Wiki ndogo zikapata nafuu kwa programu-jalizi iitwayo QuestyCaptcha, ambamo mwenye wiki hutunga maswali yake mwenyewe na kuyabadilisha atakapo. Mto gani unapita kati ya mbuga na Rongai? Mtu wa huku atajibu Mbagathi hata kabla hujamaliza kuuliza. Programu za akili bandia nazo zitalijibu, sikatai, ila kila jibu lina gharama, na anayevamia maelfu ya wiki kwa mpigo anataka kila kitu kiwe cha bure.

Kazi ninayoistahi kuliko zote ni ya wanaoandika vichujio. Tangu mwaka 2009 Wikipedia ya Kiingereza ina chombo kinachopima kila badiliko kabla halijahifadhiwa, na leo wiki nyingine nazo zinakitumia. Fundi huweka masharti: mhariri mpya, kiungo cha nje, maneno fulani. Anayejua kazi hakiwashi kichujio kizuie siku hiyo hiyo. Anakiacha kikiandika kimyakimya kile ambacho kingezuia, kisha anasoma kumbukumbu moja moja akitafuta mtu mwema aliyenaswa: mwanafunzi aliyeweka kiungo cha gazeti, mwalimu aliyeongeza tovuti ya kaunti. Akimpata, anarudi kwenye masharti na kuyapunguza makali. Kazi hii haina sifa, na matokeo yake mazuri ni jambo ambalo halikutokea.

Ulinzi usio na subira huumiza wasiohusika, na Afrika tunalijua hilo. Kwa miaka mingi fumbo la herufi kwenye Wikipedia lilitumia maneno ya Kiingereza, hata kwa anayeandika Kiswahili. Tena mitandao ya simu huwapa wateja wengi anwani moja ya intaneti, hivyo anwani ikifungiwa kwa kosa la mmoja, mamia wanakuta mlango umefungwa. Mwaka 2022 wahariri wa Kiafrika walilalamika wazi kuhusu kufungiwa kwa namna hiyo. Mkabidhi mzuri akiona anwani ni ya simu, huwazuia tu wasioingia kwa akaunti, huruhusu akaunti mpya kufunguliwa, na huweka muda mfupi: saa 31, kwa mfano, ili mhuni akirudi kesho saa ile ile akute bado kumefungwa.