Sifa za Kocha wa Pili

Ukipita alasiri kwenye viwanja vya mitaa ya Goma, mashariki mwa Kongo, kuanzia Katindo hadi Ndosho, sura utakayoikuta ni ileile: watoto wengi, mipira michache, na mtu mzima mmoja mwenye filimbi. Huyo mmoja ndiye kocha mkuu, kocha wa makipa, mganga, mtunza jezi na msuluhishi wa wazazi. Tumezoea kumsifu, na anastahili, maana hujitolea katika mji ambao lava ya volkano ya Nyiragongo iliukata katikati mwaka 2002, ikaufikia ukingoni tena mwaka 2021, kisha Januari 2025 ukaingia mikononi mwa waasi wa M23. Ila sifa hizo zimetuziba macho. Kwangu mimi, ufundi mgumu kupita wote katika kulea timu ya watoto ni kujua kazi ipi umwachie mwenzako. Na mwenye ufundi huo zaidi ni mwenzako mwenyewe, kocha msaidizi, anayeshika kipande chake na kukimaliza bila kungoja siku ya kuitwa mkuu.

Tuanze na kipa, maana ndiye wa kwanza kusahauliwa. Kocha aliye peke yake akifundisha pasi, macho yake yako katikati ya uwanja, na kipa hubaki golini akipigiwa mashuti na wenzake wasio na zamu. Huko ni kumchosha tu. Kudaka kuna elimu yake. Mikono huutangulia mpira, vidole gumba vikikaribiana nyuma yake ili usipenye. Miguu hutulia kabla shuti halijapigwa, kwa sababu aliye hewani hawezi tena kubadili njia. Na kuanguka kuna mpangilio: ubavu wa mguu, paja, nyonga, mbavu, bega, kila kimoja kikipokea sehemu yake ya uzito. Mtoto asiyefundishwa hutanguliza kiwiko. Kwenye nyasi ataumia kidogo. Kwenye ardhi ya Goma, ambako viwanja vingi vya mitaa vimelala juu ya mawe meusi ya volkano, kiwiko huchubuka siku hiyohiyo na mtoto hutoka na somo moja, kutojirusha tena. Halafu tunasema kipa wetu mwoga. Kocha wa makipa anayeijua kazi humpeleka kando, penye udongo laini, akamwanzisha akiwa ameketi, kisha amepiga magoti, kisha amechuchumaa, na kusimama kukaja mwisho. Kazi hiyo haina makelele, haionekani na mtazamaji, na inataka macho mawili ya mtu mmoja kwa nusu saa nzima. Kocha mkuu hana macho hayo, hata awe bingwa namna gani, kwa sababu wako wengine ishirini wanaomngoja. Na nchi iliyomshangilia Robert Kidiaba akirukaruka kwa makalio, kipa wa TP Mazembe iliyofika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu mwaka 2010, ilipaswa kulijua hili mapema kuliko nyingine.

Kupasha mwili moto nako ni vivyo hivyo. Utafiti juu ya mazoezi ya FIFA 11+ kwa watoto, uliofanywa katika nchi nne za Ulaya na kuchapishwa mwaka 2018, ulionyesha majeraha yakipungua kwa karibu nusu. Mazoezi yenyewe hayadai mashine. Yanadai mtu wa kutazama magoti, amwone mtoto ambaye goti lake huingia ndani kila anapotua, amsimamishe, amrekebishe.

Pingamizi la kwanza ni la mfuko: timu isiyo na hela ya mipira itapata wapi makocha watatu? Swali ni la haki, lakini linachanganya kugawa kazi na kuajiri. Mchezaji wa zamani aliyeumia mguu anaweza kushika makipa mara mbili kwa wiki. Dada wa mmoja wa wachezaji, anayeandika vizuri, anaweza kushika daftari: jina la kila mtoto, umri, mtaa, simu ya mzazi. Msidharau daftari. Tarehe 27 Mei 2021, siku chache baada ya mlipuko wa Nyiragongo, serikali iliamuru sehemu kubwa ya mji ihamishwe, na watu kwa mamia ya maelfu wakatoka, wengine Sake, wengine Rutshuru, wengine Bukavu kwa njia ya ziwa, wengine ng'ambo ya mpaka, Gisenyi. Timu ambayo orodha yake yote imo kichwani mwa mtu mmoja huondoka naye siku anapopanda boti. Katika mji unaohama ghafla namna hii, kugawana kazi ni akiba ya maskini. Tajiri ndiye anayeweza kumudu kumtegemea mtu mmoja, kwa kuwa atanunua mwingine.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na wahenga wamelitolea methali: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mtoto wa miaka 11 akiambiwa panda na huyu, rudi na yule, atasimama palepale. Kweli tupu. Lakini tazama michezo yenyewe imelitatua vipi. Sheria ya kwanza ya soka inaruhusu watu kadhaa kukaa kwenye eneo la ufundi, ila inataka mtu mmoja tu kwa wakati mmoja atoe maelekezo ya mbinu. Softboli, inayochezwa hata kwa jirani zetu wa Uganda, imekwenda mbali zaidi: makocha wawili husimama kando ya uwanja wakati timu yao inapiga, mmoja karibu na kituo cha kwanza, mwenzake karibu na cha tatu. Mkimbiaji aliyeupa mpira mgongo hageuki nyuma kutazama. Humtazama wa kituo cha tatu, ambaye mkono wake humwambia endelea au simama. Hakuna anayesema kuna manahodha wawili, kwa sababu kila mmoja ana mita zake. Kinachopeleka chombo mrama ni mipaka isiyojulikana. Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilipofungwa 9-0 na Yugoslavia kwenye Kombe la Dunia tarehe 18 Juni 1974, kipa Kazadi Mwamba alitolewa kabla ya nusu saa kutimia, na hadi leo watu hubishana kama uamuzi ule ulitoka kwa kocha Blagoja Vidinić au kwa wakubwa waliokuwa juu yake. Timu ambayo swali hilo linaweza kuulizwa juu yake ilikuwa na hitilafu kabla ya bao la kwanza.

Lipo na jambo la ulinzi, ambalo silipi maneno mengi kwa kuwa halina ubishi. Sheria ya Kongo ya Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto ilikuja katika nchi iliyokuwa imeshawaona kadogo, askari watoto, wakibeba bunduki. Katika nchi ya namna hiyo, mtu mzima mmoja asiwe na amri yote juu ya kundi la watoto, hata akiwa mwema. Na timu ya wasichana isiyo na mama yeyote kati ya viongozi wake, mzazi ana haki ya kuikataa.

Pingamizi la mwisho halisemwi hadharani: kocha mkuu anaogopa msaidizi atamnyang'anya timu. Hofu hiyo hupungua wawili wakikubaliana kabla ya msimu nani anaamua kikosi, nani anazungumza na wazazi, nani anamtoa mtoto aliyeumia bila kuomba ruhusa. Haiishi kabisa, sisemi uongo. Lakini mkuu na apime hasara ya upande wa pili. Kocha Brian Clough alitwaa ubingwa wa Uingereza na Derby mwaka 1972 akiwa na msaidizi wake Peter Taylor kando yake, na wawili hao walikuja kulitwaa Kombe la Ulaya mara mbili wakiwa Nottingham Forest, 1979 na 1980. Katikati, mwaka uleule wa 1974, Clough alikwenda Leeds peke yake. Alidumu siku 44. Taylor alikuwa amebaki Brighton.